Namna maombi ya uzamivu wa saikolojia ya kiidadi yanavyosomwa

Fungua tasnifu ya uzamili ya saikolojia, elimu au ustawi wa jamii kutoka chuo chochote cha Afrika Mashariki, kisha nenda sura ya tatu. Kuna uwezekano mkubwa utakuta sentensi isemayo kwamba dodoso lilifanyiwa majaribio, alfa ya Cronbach, yaani namba inayoonyesha jinsi maswali ya dodoso yanavyokwenda pamoja, ikavuka 0.7, na kwa hiyo chombo kinategemeka. Msimamizi anatia tiki, mwanafunzi anasonga mbele, na hakuna anayeuliza hiyo 0.7 ilitoka wapi.

Wengi huinukuu kutoka kwa Jum Nunnally, aliyeandika mwaka 1978 kwamba kiwango hicho kinatosha katika hatua za mwanzo za utafiti. Pale matokeo ya kipimo yanapoamua hatima ya mtu mmojammoja, alisema, 0.9 ndiyo kima cha chini. Watu wakabeba nusu ya kwanza ya maneno yake, nusu ya pili wakaiacha palepale.

Na alfa yenyewe ina vituko vyake. Chukua dodoso la maswali 5 ambayo uhusiano wa wastani kati ya swali na swali ni 0.2, yaani hafifu. Alfa yake ni 0.56, na msimamizi atakurudisha ukalirekebishe. Ongeza maswali mengine ya aina hiyohiyo mpaka yafike 20, bila kuboresha hata moja, na alfa inapanda hadi 0.83. Sasa umepita. Ni kweli kwamba jumla ya maswali 20 inatulia kuliko jumla ya maswali 5, kwa hiyo hapo hakuna udanganyifu. Lakini tazama jambo la pili. Tengeneza makundi mawili ya maswali 10, moja kuhusu usingizi na jingine kuhusu mshahara, yasiyohusiana hata chembe, huku ndani ya kila kundi uhusiano ukiwa 0.43. Changanya yote 20 na ukokotoe alfa: inakuja 0.84. Umepata alama nzuri kwa chombo kinachopima vitu viwili tofauti, kisha unakijumlisha kana kwamba ni kimoja.

Mtu anayekosa usingizi kwa jambo la namna hii ndiye anayetafutwa na programu za uzamivu wa saikolojia ya kiidadi. Ninaanza na alfa kwa sababu waombaji wengi hujaza fomu wakidhani wanaomba kusoma saikolojia yenye takwimu nyingi. Hapana. Mwanasaikolojia wa kawaida anachunguza huzuni, kumbukumbu au malezi. Huyu wa kiidadi anavichunguza vyombo na hesabu ambazo mwenzake anazitumia: kipimo cha huzuni kinapima nini hasa, modeli hii inadanganya lini, data zikikosekana nusu tufanyeje.

Fani hii si changa. Charles Spearman alichapisha mwaka 1904 kazi iliyozaa uchambuzi wa fakta, yaani mbinu ya kukisia kitu kisichoonekana, kama akili, kutokana na jinsi alama za mitihani zinavyopanda na kushuka pamoja. L. L. Thurstone wa Chicago na wenzake walianzisha Chama cha Saikometriki, yaani elimu ya kupima mambo ya akili, mwaka 1935, na jarida lake, Psychometrika, likaanza kutoka mwaka uliofuata. Humo ndimo Lee Cronbach alimochapisha makala yake ya alfa mwaka 1951, na humohumo, mwaka 2009, Klaas Sijtsma wa Tilburg akaeleza kwa nini alfa inatumiwa vibaya na kwa nini manufaa yake ni madogo mno. Kati ya miaka hiyo alikuwepo Georg Rasch wa Denmark, Frederic Lord wa taasisi ya mitihani ya ETS kule Princeton, na Karl Jöreskog wa Sweden aliyeunda LISREL, programu iliyowawezesha watafiti wa kawaida kukokotoa modeli za vigeu fiche, yaani vitu visivyoonekana moja kwa moja.

Mfano mmoja wa karibu na nyumbani. Tuseme mtihani wa darasa la saba una swali la kugawanya linalozungumzia mashua, nyavu na mafungu ya samaki. Mtoto wa Kilwa na mtoto wa Kondoa wana uwezo uleule wa hisabati, kwa kadiri maswali mengine yote yanavyoonyesha. Je, wana nafasi sawa ya kulipata hili? Kama wa Kondoa anakosa zaidi, swali limepima ugawanyaji pamoja na kujua pwani. Kuna mbinu za kulikamata swali kama hilo, mbinu hizo zina udhaifu wake, na kila udhaifu ni mada ya tasnifu ya mtu. Baraza lolote la mitihani, liwe NECTA, KNEC au UNEB, lina maelfu ya maswali yanayosubiri kuangaliwa kwa jicho hilo.

Programu zinajificha

Ukitafuta “saikolojia ya kiidadi” (kwa Kiingereza, quantitative psychology) peke yake utapata programu chache tu, nyingi za Marekani: Chapel Hill ya North Carolina, ambako Thurstone alihamia mwaka 1952 na maabara inayobeba jina lake ipo hadi leo, kisha UCLA, Ohio State, Minnesota, Illinois ya Urbana-Champaign, Arizona State, Notre Dame, Virginia, UC Davis. Kwa wengi utafutaji huishia hapo, na hapo ndipo wanapojinyima.

Fani hii ina ndugu waliohamia nyumba nyingine. Vanderbilt inaifundisha ndani ya chuo chake cha ualimu, Peabody, kwa jina la mbinu za kiidadi. Maryland, Massachusetts ya Amherst na Boston College zinaiweka kwenye idara za elimu, chini ya majina kama upimaji, takwimu na tathmini. Fordham inaiita saikometriki. Ukilinganisha masomo yanayofundishwa utakuta yanafanana kwa sehemu kubwa. Kinachotofautiana ni mifano ya data na aina ya watu mnaokaa nao chakula cha mchana. Mwalimu wa sekondari aliyesahihisha mitihani ya taifa kwa miaka kadhaa anaweza kueleweka haraka zaidi kwenye idara ya elimu kuliko kwenye idara ya saikolojia. Mhitimu wa hisabati ambaye hajawahi kusoma saikolojia asikate tamaa, maana programu nyingi za idara ya saikolojia humpokea kwa furaha. Anachohitaji ni kuonyesha kwamba anajali kinachopimwa, si namba tupu.

Usichanganye fani hii na saikolojia ya kitabibu. Ile hupokea mamia ya maombi kwa nafasi za kuhesabika vidoleni. Hii waombaji wake ni wachache, na uhaba wa wataalamu wake umeandikwa kwa muda mrefu: Leona Aiken na wenzake walichunguza ufundishaji wa takwimu katika programu za uzamivu za Amerika Kaskazini, wakachapisha mwaka 1990 na tena 2008, na mwaka 2009 Chama cha Wanasaikolojia wa Marekani kikawa na jopo maalumu la kuongeza idadi ya wataalamu hawa. Hilo lisikulevye, lakini. Programu moja inaweza kuchukua wanafunzi wawili kwa mwaka, au asichukuliwe yeyote.

Pesa, na kosa la kudhani uzamili ni lazima

Kwetu ngazi zinafuatana: shahada ya kwanza, uzamili, ndipo uzamivu, na uzamivu mara nyingi unajilipia au mwajiri anakulipia. Marekani utaratibu ni mwingine. Unaweza kuomba uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu, na uzamili ukachukuliwa njiani ndani ya programu hiyohiyo, kwa miaka kama mitano yote pamoja. Uzamivu wa fani hii kwa kawaida unafadhiliwa: ada ya masomo inafutwa, unapewa bima ya afya na posho ya kila mwezi, nawe unafanya kazi ya kusaidia kufundisha takwimu au kusaidia utafiti wa profesa. Uzamili unaosimama peke yake ndio unaokula pesa za mwanafunzi, na kuna idara zinazomwandikia mwombaji wa uzamivu aliyekosa nafasi kwamba zimemkubali kwenye uzamili wa kulipia. Barua hiyo huanza na hongera. Isome mpaka mwisho kabla hujawaambia wazazi.

Posho haitajirishi. Inatosha kodi ya chumba cha kushirikiana, chakula na nauli, na katika miji ya California inabana kweli. Kabla ya kuomba, angalia kama tovuti ya programu inasema waziwazi kwamba wanafunzi wote wanafadhiliwa na kwa miaka mingapi. Isiposema, uliza.

Anayeamua ni mtu mmoja

Jambo gumu kuliko yote kwa aliyezoea udahili wa kwetu ni hili: huombi chuo. Idara nyingi humpangia mwanafunzi msimamizi tangu siku ya kwanza, na kamati ya udahili haina sababu ya kumchukua mtu, hata awe na alama za dhahabu, kama hakuna profesa aliyesema “huyu nitafanya naye kazi.” Mwombaji mzuri anayekataliwa mara nyingi hakuzidiwa na yeyote, profesa aliyemwandikia yuko likizo ya utafiti, amestaafu, au fedha zake za mwaka huo zimekwisha.

Kwa hiyo swali la kwanza linalipa kuliko yote: mwaka huu nani anapokea? Programu nyingine huweka majina hayo kwenye tovuti kila mwanzo wa msimu. Zisipoweka, andika barua pepe kati ya Agosti na Oktoba. Na hapa adabu yetu inatuponza. Barua zinazoanza na heshima za aya nzima, zikaendelea na historia ya ukoo, zikaishia na “naomba kwa unyenyekevu mkubwa unifikirie” hufanana zote, na profesa anayepokea nyingi za aina hiyo huzifuta pamoja. Barua inayojibiwa, ikiwa kwa Kiingereza bila shaka, ina mwelekeo huu:

“Profesa, nimemaliza uzamili wa saikolojia na sasa nafanya kazi ya kuchakata data katika mradi wa afya ya akili. Nimesoma makala yako kuhusu kulinganisha makundi kwa modeli za vigeu fiche. Nilibaki najiuliza kama njia hiyo inafaa pale kila kundi lina watu kama 60 tu, hali ninayokutana nayo kazini. Je, unatarajia kupokea mwanafunzi mpya msimu huu? Wasifu wangu nimeuambatanisha.”

Basi. Mistari michache, swali moja la kweli na moja la kiutawala. Asipojibu baada ya wiki mbili, mkumbushe mara moja tu. Asipojibu tena, omba bado kama jina lake lipo kwenye orodha. Kuna maprofesa ambao kwa utaratibu wao hawajibu waombaji mpaka kamati ikae.

Tamko la nia

Kurasa mbili hizi ndizo zinazosomwa kwa makini, na ndizo zinazoharibiwa zaidi. Ufunguzi wa “tangu utotoni nimevutiwa na akili ya binadamu” hauna kosa la kisarufi, ila haumwambii msomaji chochote. Vivyo hivyo sifa za chuo: profesa wa Minnesota anajua kwamba Minnesota ni chuo kizuri.

Anachotafuta ni dalili kwamba umewahi kugongana na tatizo la mbinu na ukalishikilia. Tazama aya hii niliyoibuni:

“Katika tasnifu yangu nilitumia dodoso la maswali 20 la msongo wa mawazo kwa walimu 180 wa sekondari. Alfa ilikuwa 0.83. Nilipoangalia uhusiano wa swali kwa swali niliona maswali ya uchovu wa mwili yanakwenda pamoja, na ya wasiwasi wa kipato yanakwenda kivyake. Nikalinganisha modeli ya fakta moja na ya fakta mbili kwa kutumia lavaan. Ya pili ilikaa vizuri zaidi. Sijui kama mgawanyiko huo upo kwa walimu wote au kwa wale wa vijijini tu, na walimu 180 hawanitoshi kulijibu swali hilo.”

Hakuna sifa hata moja humo, na bado msomaji ameshajua mambo mengi. Mwombaji hakuiamini alfa kwa sababu imevuka mstari. Aliangalia data zenyewe. Anaweza kuandika kodi, yaani maagizo ya kompyuta, kwa R, programu ya takwimu ambamo lavaan hufanya kazi. Anajua tofauti ya modeli mbili, na anajua mipaka ya sampuli yake. Zaidi ya yote, sentensi ya mwisho ni mlango wa utafiti wa miaka mitano: modeli inafanyaje kazi pale makundi ni madogo na hayalingani? Profesa anayeandika kuhusu sampuli ndogo akiifikia sentensi hiyo ataacha kupitia juujuu.

Baada ya hapo tamko linahitaji kueleza kwa nini swali hilo linamhusu profesa fulani wa programu hiyo, na wa pili kama yupo. Hapo usitie chumvi. Taja kazi uliyoisoma kweli, maana kwenye mahojiano utaulizwa. Usidai pia kwamba unataka kusoma kila kitu, kuanzia nadharia ya majibu ya mitihani hadi picha za ubongo. Anayependa vyote huonekana hajachagua.

Wale ambao kazi yao hadi sasa imekuwa kuwachakatia wanafunzi wengine data kwa SPSS, na ninawajua wengi mjini wanaoishi kwa kazi hiyo, wana hazina wasiyoijua. Wameona madodoso mabovu mengi kuliko mhadhiri yeyote. Wanajua maswali ambayo kila mtu anajibu “nakubali sana,” wanajua data zinazokuja zimenyooka mno kiasi cha kutiliwa shaka. Ukiliandika hilo kwa uangalifu, bila kumtaja mteja na bila kukiri kwamba ulimwandikia mtu sura ya nne, ni uzoefu wa kweli wa upimaji.

Hesabu kiasi gani

Kalkulasi mpaka ya vigeu vingi, aljebra ya matriki, na somo moja zito la uwezekano. Hivyo vitatu vikiwa kwenye matokeo yako, swali la hesabu limekwisha. Vikikosekana, kamati itatafuta ushahidi mwingine, na “napenda hisabati” si ushahidi. Kuna masomo ya mtandaoni yenye cheti, kuna kurudi chuoni jioni kuchukua somo moja tu. Aljebra ya matriki ndiyo ya kwanza kuichukua. Karibu kila kitu katika fani hii kimeandikwa kwa lugha yake.

Upande wa kompyuta ni R. SPSS ni sawa kwa kazi ya mjini, lakini hapa watu huandika mbinu mpya, na mbinu mpya huandikwa kama kodi. R ni ya bure, na vifurushi kama lavaan cha Yves Rosseel na mirt cha Phil Chalmers ni vya bure pia. Mwenye kompyuta ya mkononi na bando la wiki anaweza kufanya uigaji mdogo: tengeneza data za uongo ambazo ukweli wake unaujua, ziingize kwenye modeli, urudie mara elfu moja, uone modeli inakosea lini. Fanya hivyo kwa ule mfano wa alfa hapo juu, weka kodi mahali pa wazi mtandaoni, utie kiungo kwenye wasifu. Ni kazi ya jioni chache, na kwa maoni yangu inazidi uzito wa vyeti vitatu vya semina.

Makaratasi

Barua za mapendekezo ni tatu kwa kawaida. Kwetu kuna desturi ya mhadhiri kukwambia “andika mwenyewe, nitasaini.” Usiandike. Mpelekee ukurasa mmoja wenye tasnifu yako, alama ulizopata kwenye masomo yake, jambo moja unalokumbuka mlibishana, na tamko lako la nia. Atakuwa na cha kuandikia. Kisha zingatia mtego wa mfumo: fomu ya maombi inamtumia mhadhiri kiungo kwenye barua pepe, na vyuo vingi vinataka iwe anwani ya chuo, si ya Gmail. Anwani ya chuo nayo haijafunguliwa tangu muhula uliopita, au kiungo kimezama kwenye barua taka. Mpigie simu siku ileile kiungo kinapotumwa. Mzee wa watu hawezi kujua kama hujamwambia, na kumkumbusha mkubwa kwa upole si utovu wa adabu.

Alama zako zitahitaji mkalimani. Katika vyuo vya Kenya 70 ni A. Kule msomaji aliyezoea mizani ya Marekani akiiona 70 anaona C. Tanzania mizani ni ya 5, na shahada ya daraja la kwanza inaanzia 4.4. Usijibadilishie mwenyewe kwenda mizani ya 4. Andika alama kama zilivyo pamoja na mizani yake, kisha umwombe mmoja wa wanaokuandikia aseme wazi ulikuwa wa ngapi kati ya wangapi. Sentensi hiyo moja inasomeka kokote duniani.

Mtihani wa GRE, ule wa kuombea masomo ya juu Marekani, idara nyingi ziliuondoa baada ya 2020, nyingine huupokea kwa hiari, chache bado zinaulazimisha. Tangu Septemba 2023 umefupishwa ukawa chini kidogo ya saa mbili. Ada yake ni zaidi ya dola 200, pesa nyingi. Hata hivyo, kwa aliyesoma chuo ambacho jina lake halijulikani ng’ambo, alama ya juu kwenye sehemu ya hesabu inasaidia pale inapopokelewa, kwa sababu ni namba pekee kwenye faili ambayo haihitaji maelezo. Mtihani wa Kiingereza, vyuo vingi humsamehe aliyesomea shahada yake kwa Kiingereza. Uliza kabla ya kulipia.

Ada ya maombi nayo inajumlika haraka ukiomba vyuo sita au saba. Iandikie ofisi ya udahili mapema, kabla ya kujaza fomu, uulize kama kuna msamaha kwa waombaji wa nje. Wengine watakataa. Barua yenyewe haigharimu kitu.

Kuanzia Desemba hadi Aprili

Siku ya mwisho kwa programu nyingi iko kati ya 1 na 15 Desemba. Mahojiano ni Januari na Februari, siku hizi mara nyingi kwa Zoom, na saa yao ya mchana inaweza kuwa saa tatu au nne usiku kwetu. Hayana maswali ya kukutega. Utaulizwa umefanya nini, kwa nini ulichagua modeli hiyo na si ile, na ungefanya nini kama ungekuwa na data zaidi. Jibu la “sijui, lakini ningeanzia hapa” linathaminiwa kuliko kubahatisha. Nawe uliza: wanafunzi wa hapa wanamaliza kwa miaka mingapi? Waliohitimu wako wapi? Omba kuzungumza na mwanafunzi aliyepo bila profesa kusikia. Wapo watakaokwambia ukweli wote ndani ya robo saa.

Ukipata nafasi yenye ufadhili, hulazimiki kujibu kabla ya 15 Aprili. Vyuo vingi vya Marekani vimesaini makubaliano hayo kupitia Baraza la Shule za Uzamili, kwa hiyo anayekuharakisha Februari anakuomba tu. Ila usizikalie nafasi tatu kwa pamoja. Ukishajua huendi mahali, waambie, maana kuna mtu kwenye orodha ya akiba anayehesabu siku.

Halafu kuna viza, jambo ambalo miaka michache iliyopita lingekuwa mstari mmoja. Tangu 2025 Marekani imewawekea raia wa nchi kadhaa vizuizi vinavyogusa viza za wanafunzi. Burundi iliingia kwenye orodha Juni mwaka huo, na Tanzania ikaongezwa Desemba. Orodha za namna hii hubadilika kwa tangazo la siku moja. Mwaka huohuo vyuo vingi vilipunguza nafasi za uzamivu baada ya fedha za utafiti za serikali kukatwa. Angalia hali ya pasipoti yako kwenye tovuti ya ubalozi kabla ya kulipa ada hata moja, na kama mlango umefungwa, muulize profesa aliyekukubali kama nafasi inaweza kuahirishwa mwaka mmoja.

Sababu hizo zinatosha kuitazama Ulaya kwa uzito sawa, na mimi leo ningeanzia huko. Uholanzi ina mtandao wake wa mafunzo ya saikometriki, IOPS, unaounganisha vyuo kama Tilburg, Groningen, Leiden, Utrecht, Twente na Amsterdam, pamoja na Leuven ya Ubelgiji. Huko Uholanzi mwanafunzi wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa: ana mkataba wa kama miaka minne, mshahara, likizo na mchango wa pensheni. Uzamili kule ni sharti, kwa hiyo ule uzamili wako ambao Marekani haukuhitajika, hapa unafanya kazi. Huombi kwa msimu. Nafasi hutangazwa kama kazi, mwezi wowote, kwenye tovuti ya AcademicTransfer na kurasa za vyuo, kila moja ikiwa na mradi uliokwisha kupangwa. Barua ya maombi inajibu tangazo hilo na si vinginevyo: mradi unasema tatizo ni hili, mimi nimewahi kuligusa hivi, sehemu hii ya mpango naweza kuianza mwezi wa kwanza, sehemu ile nitahitaji kufundishwa. Muda wa kuomba mara nyingi ni wiki chache tu, kwa hiyo wasifu, matokeo na majina ya wadhamini viwe tayari kabla tangazo halijatoka.